Daftari la Majina: Makumbusho ya Chake Chake na Safari ya Maji hadi Ras Mkumbuu

Kwa miaka mingi tulikuwa tukipita ubavuni mwa ngome ya Chake Chake bila ya kuingia ndani. Tulipita tukienda hospitali iliyopakana nayo, mikononi tumeshika vikapu vya uji wa wagonjwa wetu. Tulipita tukitoka sokoni. Tulisimama kivulini mwake kusubiri gari. Kwamba ndani ya kuta zile mna Makumbusho ya Pemba tulijua, kama mtu anavyojua kuwa jirani yake ana kisima, ila kiu haijamshika.

Kiu ilitushika kwa sababu ya mtoto. Mmoja wetu anaishi Dar es Salaam, na binti yake wa miaka 12 aliagizwa skuli kuandika insha kuhusu walikotoka wazazi wake. Akaandika ukurasa mmoja juu ya karafuu, kisha kalamu ikamwishia wino. Alimaliza kwa kusema kuwa kabla ya karafuu Pemba hapakuwa na kitu. Hatukumkasirikia. Mtoto huandika alichokisikia, na kwetu sisi wazazi alikuwa amesikia habari za karafuu peke yake, kwani ndizo tunazozizungumza kila msimu. Lakini karafuu zenyewe zililetwa katika visiwa hivi mwanzoni mwa karne ya 19, na Pemba iliipita Unguja kwa zao hilo baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja. Kabla ya hapo watu waliishi, wakajenga, wakasafiri na wakaswali katika kisiwa hiki kwa karne nyingi. Nani wa kumwambia?

Sisi ni ndugu watatu: mmoja yuko Chake Chake, mmoja Unguja na mmoja Dar es Salaam. Zamani tulikuwa wanne. Usiku ule tulizungumza kwa simu mpaka salio likakatika. Mmoja wetu alikumbusha kuwa hata Beit al-Ajaib ya Unguja tulikuwa tukiahidiana kuwapeleka watoto kila likizo, tukisema kesho, kesho kutwa, mpaka tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya jengo lile la mwaka 1883 ikaporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba iliyosimama zaidi ya miaka 130 haikutungoja. Tukakata shauri kuwa likizo ya Disemba watoto wote wakutane kwa bibi yao Chake Chake, na tuwatembeze wenyewe, bila ya kuajiri mtembezaji. Mwalimu wa mambo ya kwao awe ni mtu wa kwao.

Mpango tulioupanga ulikuwa wa siku mbili. Siku ya kwanza makumbusho. Siku ya pili safari ya mashua kutoka bandari ya Wesha, kupitia ghuba ya Chake Chake baina ya mikoko, mpaka Ras Mkumbuu, penye magofu ya mji wa kale. Tuliviunganisha viwili hivi kwa makusudi. Vitu vya makumbusho vimetolewa mahali, na mtoto akikiona kigae cha chungu ndani ya sanduku la kioo bila ya kupaona kilipotoka, atakisahau kabla ya kufika nyumbani. Kinyume chake, akipelekwa magofuni bila ya kutayarishwa, ataona mawe na majani, ataomba maji ya kunywa, basi.

Ras Mkumbuu inafikiwa pia kwa nchi kavu, kwa njia ya Ndagoni na kumalizia kwa miguu. Tulilijua hilo vizuri, kwani mama yetu kazaliwa Ndagoni. Lakini mji ule uliwekwa pale na watu waliokuja kwa vyombo, na mlango wake ni bahari. Tukataka watoto waingie kwa mlangoni.

Hapo ndipo mpango wetu ulipokwama.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyotoka Unguja kuja Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilibeba watu wengi kupita kiasi chake. Mdogo wetu alikuwamo. Wengine waliokolewa, wengine, miili yao ilipatikana na kuzikwa, na wengi, tume ya uchunguzi ikawataja kwa zaidi ya elfu moja, hawakuonekana tena. Yeye ni katika hao wa mwisho. Tulizunguka na picha yake siku nyingi. Palipotolewa majina, jina lake halikuwamo miongoni mwa waliookoka wala miongoni mwa waliokufa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na orodha ya kweli ya waliopanda. Tulimswalia swala ya ghaibu, na masheikh walitufariji kuwa aliyezama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Mama alipokea, akashukuru. Lakini tangu siku ile hajatia mguu katika chombo cha majini. Akitaka kwenda Unguja hupanda ndege. Akikosa nauli ya ndege, haendi. Yeye, ambaye utotoni alikuwa akitoka Ndagoni kuja Chake katika dau la baba yake, amekaa juu ya shehena za nazi na mihogo.

Kwa hiyo tulipomweleza kuhusu mashua, alinyamaza. Kisha akasema, "Watoto wapelekeni makumbusho, nitafuatana nanyi. Hayo mengine mtanisimulia." Hatukumlazimisha. Wala hatukuifuta safari. Tuliendelea kupanga mbele yake, kwenye mkeka wake, ili asikie kila neno.

Tunaieleza hapa namna tulivyopanga, kwani huenda ikazifaa familia nyingine zinazofikiria jambo kama hili.

La kwanza lilikuwa siku. Tulianza kwa kalenda ya Kiislamu, kwani ndiyo inayosema habari za maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Pwani zetu bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne au saa tano asubuhi. Mwenye kwenda Ras Mkumbuu asubuhi ya bamvua hukuta maji yamekwenda mbali, na huteremka kwenye matope na kutembea majini na watoto na wazee. Mwezi unapofika siku ya saba au ya nane huwa ni maji mafu: maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, tena hayapwi mno. Tukachagua tarehe 8 ya Mfunguo Tisa, mwezi uitwao pia Jamadil-Akhir. Pepo za kaskazi zilikuwa zimeanza, lakini upande wa magharibi wa Pemba umekingwa na kisiwa chenyewe. Tuliepuka Ijumaa, ili swala ya jamaa isiwe ya kukimbiliwa.

La pili lilikuwa maswali. Siku mbili kabla, mmoja wetu alikwenda makumbusho peke yake kuuliza saa za kufungua na kiingilio, na kupita vyumbani polepole ili ajue tutasimama wapi. Mtu hawezi kukiangalia kila kitu, na watoto huchoka kabla ya wakubwa. Tukaamua kuwa kila mtoto achague kitu kimoja tu, akichore katika daftari, na ajibu maswali matatu: Kimetengenezwa kwa nini? Kimefikaje hapa? Na nani aliyekitengeneza?

La tatu lilikuwa chombo na nahodha. Tulimtafuta mtu anayeijua ghuba ile kwa miaka, tukaiona mashua yake mchana, mashine yake ikawashwa mbele yetu, na tukayahesabu majaketi okozi. Yalikuwa 14. Mama alikuwa akichambua mchele tulipokuwa tukiyasema haya. Aliinua kichwa, akauliza, "Kumi na nne?" Tukasema, "Kumi na nne." Akarudi kwenye mchele wake.

La nne lilikuwa kuacha. Watoto walitaka tuongeze kisiwa cha Misali, penye hifadhi ya bahari tangu mwaka 1998, na wengine walitaka tupite Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume. Tulikataa yote mawili. Siku moja ina kimo chake, na anayeijaza kupita kiasi hurudi na uchovu tu.

Siku ya makumbusho ilifika, na mama akavaa baibui lake la kutokea. Watoto walishangaa kwanza kwa ngome yenyewe: minara yake, mmoja wa mraba na mwengine wa duara, na ukuta mnene unaopoza hewa. Tukawaeleza kuwa ngome hii ni ya karne ya 18, zama za Waarabu, na kwamba inadhaniwa kuwa pale pale palikuwa na ngome ya Wareno kabla yake; na kwamba iliyobaki leo ni sehemu tu, kwani nyingine ilibomolewa mwanzoni mwa karne ya 20 kupisha hospitali. Mjukuu mmoja, aliyezaliwa katika hospitali ile ile, alisema, "Basi mimi nimezaliwa ngomeni." Hatukuwa na la kumjibu, kwani ni kweli.

Ndani, watoto walitawanyika na madaftari yao. Kulikuwa na habari za magofu ya kisiwani, za biashara, za vyombo vya baharini, za nyumba na maisha ya Wapemba. Tuliwasimulia juu ya Mtambwe Mkuu, upande wa pili wa hori la Wete, ambako mwaka 1984 wachimbuzi walikuta hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo kama magamba ya samaki, zimepigwa majina ya watawala wa hapa hapa, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Binti yetu wa insha aliuliza ni za lini. Tukamwambia za karne ya 11 na kabla yake. Aliandika tarakimu ile, akaipigia mstari mara mbili.

Mama yeye alikuwa amesimama mbele ya vigae vya vyungu. Alisimama muda mrefu hata tukadhani kachoka, tukamtafutia pa kukaa. Hakutaka. Alikuwa anaangalia mapambo yaliyochorwa shingoni mwa chungu, vistari vilivyopangika kama meno. "Huyu kapiga kwa kombe," alisema. Bibi yake mzaa mama alikuwa mfinyanzi, kama walivyo wafinyanzi wengi wa Pemba kuwa ni wanawake. Na kabla ya kukianika chungu alikuwa akikipamba kwa ukingo wa kombe la pwani. Sisi wanawe tulikuwa hatujapata kulisikia jambo hili. Miaka yote tumekula ndani ya nyumba ya mjukuu wa mfinyanzi, na hatukujua.

Mjukuu aliyekichagua kigae kile kwa kuchora alikuwa ameshajibu maswali mawili. La tatu lilimshinda. Akamuuliza bibi yake, "Nani aliyekitengeneza?"

"Mwanamke," akasema mama.

"Jina lake?"

Mama aliiangalia karatasi ya maelezo, ingawa hakuwa na miwani yake. "Wameliandika?"

"Hawakuliandika, bibi. Hawalijui."

"Hawalijui kwa sababu wakati wake hapana aliyeliandika," mama akasema. "Jina lisipoandikwa siku yake, keshoye halipatikani."

Tulijua anamsema nani. Watoto hawakujua, isipokuwa mkubwa wao.

Tulikuwa tumetayarisha kisa kimoja cha kuwasomea watoto kabla ya kutoka, na tulikisoma uani, chini ya kivuli cha ukuta. Ni kisa cha mwanahistoria al-Mas'udi, mzaliwa wa Baghdad, aliyesafiri kutoka Oman mpaka kisiwa alichokiita Qanbalu katika bahari ya Wazanji. Wataalamu wengi wanaona kuwa Qanbalu ni Pemba, na baadhi yao wanaielekeza Ras Mkumbuu khasa. Alisimulia kuwa kisiwani humo mna Waislamu, na kwamba lugha wanayosema ni ya Wazanji. Safari yake ya mwisho ya kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijra, sawa na 916 au 917 Miladia. Yaani zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, msafiri aliwakuta Waislamu katika kisiwa hiki, na watoto wetu wanadhani kilianza na karafuu.

Tulidhani hapo ndipo penye faida ya kisa. Lakini binti yetu, aliyekuwa akisoma, aliendelea na sehemu tuliyokuwa tumeitia ili tu kuwachangamsha: kwamba al-Mas'udi alisema amepita katika bahari nyingi na hakuijua yenye hatari kuliko hii, na kwamba aliwataja kwa majina wenye chombo alichosafiri nacho mara ile ya mwisho, watu wa Siraf, ambao baadaye walizama katika bahari hii hii pamoja na wote waliokuwa nao.

Mama akasema, "Soma tena hapo."

Akasoma tena.

"Kwa hiyo majina yao yapo?"

"Yapo, bibi. Mmoja Ahmad, na mwengine Abdul-Samad."

Mama alitikisa kichwa polepole. Akawaombea rehema, kama anavyoombewa jirani aliyezikwa jana. Jioni, baada ya swala ya magharibi, alituambia, "Kesho nitafuatana nanyi mpaka Wesha. Kupanda ni jambo jengine."

Saa mbili asubuhi tulikuwa gatini, maji yakiingia. Familia tulikuwa watu 11: mama, sisi watatu na watoto saba. Nahodha na msaidizi wake wakafanya 13. Tulikuwa na mkate wa kumimina, mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, madumu mawili ya maji na msala wa kuswalia. Tulipokuwa tukipakia, vijana wawili walirukia ndani ya mashua. Nahodha akatueleza kuwa ni majirani zake, wanaomba lifti tu upande wa Ndagoni. Jambo la kawaida. Nani huku kwetu hajawahi kumpa mwenzake nafasi chomboni?

Mama alikuwa bado yuko juu ya gati. Akamwita mjukuu wake wa Dar es Salaam, akamwambia atoe daftari. "Andika," akamwambia. "Kila mtu, jina lake, la baba yake na la babu yake. Na wao vijana waandike. Na nahodha mwandike."

Tuliona haya mbele ya nahodha, lakini tulinyamaza. Majina yakaandikwa, moja baada ya moja, mtoto akiuliza na watu wakijibu. Yakafika 15. Kisha mama akauliza majaketi ni mangapi. Nahodha akasema 14.

"Basi mmoja anashuka."

Nahodha alicheka kwa adabu. "Mama, kijana huyu kazaliwa majini. Anaogelea kama samaki."

"Na wangu alikuwa akiogelea," akasema mama.

Hapana aliyesema neno. Nahodha aliinamisha macho. Katika kisiwa hiki hapahitajiwi kueleza zaidi. Kijana mmoja alisimama mwenyewe, akamvulia mama kofia, akapanda gatini. Jina lake likafutwa. Ukurasa ule mtoto akaunakili mara mbili: mmoja ukabaki daftarini, na mmoja akapewa shemeji yetu, aliyebaki Wesha kutungojea. Mama akamwambia, "Ukiingia magharibi hujatuona, hiyo ndiyo karatasi ya kuwapa watu."

Kisha akavaa jaketi juu ya baibui lake, akanyoosha mkono, tukamshika, akapanda. Tulisoma dua ya safari kwa pamoja. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko zetu, lakini tuliisikia mpaka mwisho.

Ghuba ya Chake Chake asubuhi ya maji yanayojaa ni jambo ambalo Mpemba wa mjini hulisahau. Mikoko imesimama mpaka kiunoni mwa maji, korongo wametulia, wavuvi wanapita na mitumbwi wakitoa salamu. Watoto waliokwisha kuona vyombo vya majini makumbusho walianza kuvitambua mbele yao, wakabishana ni kipi ngalawa na ni kipi dau, na nahodha akawa mwamuzi. Mama alishika ubao kwa mikono miwili. Hakuuachia njia nzima. Lakini tulipokaribia rasi, alianza kutaja: pale ndipo baba yake alipokuwa akitega dema, pale ndipo walipopanda mwamba siku tanga lilipochanika. Alitaja kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja nyumba za mtaa wake.

Tulifika karibu na saa nne, maji yamejaa kama tulivyopanga. Tuliteremka bila ya shida, na kijana wetu wa lifti akaagana nasi akashika njia ya Ndagoni kwa miguu. Binti yetu akaandika mbele ya jina lake: kashuka salama.

Magofu ya Ras Mkumbuu yanataka mtu mwenye subira. Kuna kuta za msikiti wa Ijumaa, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kwenye karne ya 14 au karibu yake, na kuna makaburi yenye nguzo ndefu, ya namna inayoonekana katika miji mingi ya kale ya pwani yetu. James Kirkman alichimba hapo katika miaka ya 1950, na Mark Horton katika miaka ya 1980. Na chini ya msikiti huu yakakutwa mabaki ya msikiti wa kale zaidi. Tuliwaambia watoto wawatolee salamu watu wa makaburi kwanza, kama tulivyofunzwa, kisha ndipo watazame. Mahali pa mihrabu walisimama kimya bila ya kuambiwa. Mmoja wao alitoa dira ya simu kuangalia kibla. Ilielekea kaskazini, panapostahiki. Alifurahi kama aliyewasahihisha mtihani wazee wake wa kale na kuwakuta wamefaulu.

Chini, baina ya majani, mlikuwa na vigae. Mkono wa mtoto mmoja ulishafika mfukoni kabla ya kumwona. Tukamwambia akirudishe pale pale alipokiokota: sheria hairuhusu, na zaidi ya sheria, kigae kikiondolewa mahali pake hupoteza habari zake, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuzirudisha. Alikirudisha, lakini kwanza alimwonesha bibi yake ukingo wake. "Kombe?" akauliza. Mama alikiangalia. "Huyu ukucha," akasema.

Tuliswali adhuhuri pembeni, mbali na makaburi, tukala, na mama akawaonesha watoto Misali inayoonekana upande wa magharibi. Akawasimulia wanavyosimulia wazee, kwamba Nabii Khidhri alikosa msala wa kuswalia na akakifanya kisiwa kile kuwa msala wake, na ndipo kikapata jina. Watoto waliulalamikia tena uamuzi wetu wa kutokwenda. Tukawaambia kilichobaki ndicho kitakachotufanya turudi.

Saa saba na nusu tuliondoka, maji yakishuka polepole. Katikati ya ghuba upepo uliongezeka kidogo, mashua ikainuka na kushuka mara tatu nne, na maji yakaturukia. Watoto walipiga kelele za furaha. Mama alifumba macho, midomo yake ikisoma. Tulimsogelea pande zote mbili tukakaa naye bega kwa bega, na hatukumwambia kuwa hakuna kitu, kwani kitu kipo. Tulimwambia tu tulipofika: tumeipita ncha, tumeiona Wesha, tumeona watu gatini.

Shemeji yetu alikuwa amesimama na karatasi mkononi. Watoto walitaka kukimbilia kwenye gari, lakini mama aliwazuia. Hapana anayeondoka, alisema, mpaka majina yasomwe. Basi shemeji akasoma, jina kwa jina, na la baba na la babu, na kila aliyetajwa akajibu, "Nipo." Watu waliokuwa gatini walinyamaza wakasikiliza. Lilipofika la kijana wa Ndagoni, binti yetu akajibu kwa niaba yake. Lilipofika la mama, alijibu kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Yalikuwa majina 14. La mwisho lilipokwisha, mama aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya mkoba wake, pale anapoweka picha.